Bi Mdogo Alilala Kibarazani

Fundi wa kutengeneza cherehani alikuwa na wake wawili, na mtaa mzima ulijua. Mkubwa alikuwa wa ndoa, wa miaka thelathini na mbili, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa mtaa wa pili. Mdogo alikuwa pikipiki.

Jina hilo hakulitoa Fundi, msimsingizie. Lilitoka kinywani mwa mkewe mwenyewe, tena kwa hasira. Wiki ile pikipiki ilipoingia nyumbani, nyekundu, inang'aa, Fundi hakutulia. Asubuhi anaifuta kwa kitambaa laini, jioni anaipangusa tena, wingu likichungulia tu anakurupuka kwenda kuifunika turubai pale kibarazani. Siku ya nne mkewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi. Mimi nimo humu ndani miaka yote hii, na siku nikisinzia kwenye kiti hujawahi kunifunika hata gunia. Sema tu kwamba umeniletea mke mwenza, nijipange."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Utani ukaota mizizi hapo hapo: pikipiki ikawa Bi Mdogo, mwenye nyumba akawa Bi Mkubwa, na majina mengine yakabaki kwenye vitambulisho. Katika nyumba ile hakuna aliyeuliza pikipiki iko wapi. Waliuliza Bi Mdogo yuko wapi. Mafuta yakiisha, ana njaa. Akigoma kuwaka asubuhi ya baridi, ana mafua. Akiwaka na kunguruma vizuri, Bi Mkubwa alisonya na kusema, "Msikilizeni anavyojichekesha."

Kazi ya Fundi ilikuwa kuzifuata cherehani ziliko. Mshona nguo akikwama na cherehani yake, hawezi kuibeba kichwani kutwa nzima kumtafuta wa kuitengeneza. Fundi ndiye alimwendea. Alifunga sanduku lake la mbao nyuma ya Bi Mdogo, ndani mna bisibisi za kila ukubwa, mikanda, sindano, bobini na chupa ya mafuta mepesi, akaondoka akipiga mluzi. Jioni alirudi hivyo hivyo. Bi Mkubwa akiwa jikoni alisikia mngurumo ukizimwa pale kona, maana kutoka hapo Fundi alipenda kusukuma kwa mguu asiwasumbue watoto wa majirani waliolala, kisha mluzi ukatangulia, kisha mtu mwenyewe. Mluzi ukifika, yeye anaipua sufuria.

Sasa, asubuhi moja Bi Mkubwa alitoka kufagia kibaraza, akakuta turubai limetupwa uani. Bi Mdogo alikuwa ameangushwa ubavu. Kiti kilikuwa kimechanwa kwa kisu kutoka mwanzo hadi mwisho, taa ya mbele na ya nyuma zimepasuliwa, nyaya zimevutwa nje, na kwenye tangi wamemimina mchanga. Hawakuiba hata nati moja. Wameharibu tu, wakaenda zao, na mpaka leo hakuna anayejua ni kina nani na walikuwa wanamkomoa nani. Ebo! Mtu mzima na akili zako unatoka kwako kwenda kumwaga mchanga kwenye tangi la mwenzako. Tuyaache.

Fundi alichuchumaa pale chini, mkono mmoja juu ya kile kiti kilichochanika. Bi Mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na majirani waliamka.

Bahati ni kwamba Bi Mdogo alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata chombo chenyewe kikiharibiwa. Polisi walikuja, wakaandika karatasi yao. Kampuni ya bima nayo ikatoa fomu yake, na kwenye fomu palikuwa na sharti moja: shahidi wa kwanza, yule aliyeona kabla ya wengine, aandike maelezo ya tukio kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi wa kwanza alikuwa mwenye ufagio.

Hapa lazima nikueleze kitu. Bi Mkubwa hakusoma utotoni. Miaka yote alikuwa akiweka dole gumba, na kila alipoliweka aliuficha mkono mzima ndani ya nguo kama aliyeungua. Miaka miwili kabla ya haya alijiandikisha darasa la watu wazima. Alasiri kwa alasiri alikaa kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yamemfika kidevuni, akaumba herufi moja moja mpaka zikakubali. Mwezi mmoja tu kabla ya Bi Mdogo kuangushwa, alikuwa amepewa cheti. Fundi alikitundika sebuleni kwa misumari minne, mmoja ungetosha.

Kwa hiyo fomu ile ilipofika, Bi Mkubwa hakuiona kama fomu. Aliiona kama mtihani wa mwisho. Aliandika jioni nzima na asubuhi yake, kurasa tatu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Fundi akinyemelea kuchungulia, anafukuzwa.

"Hii siyo cherehani. Kaa huko huko."

"Nisome tu mstari mmoja."

"Msomi wa nyumba hii ni mimi. Utasoma ukilipwa."

Akakunja, akatia kwenye bahasha, akailamba mwenyewe, akaipeleka mwenyewe. Wiki nzima iliyofuata hapakuwa na mtu mtaani ambaye hakuambiwa kwamba Bi Mkubwa ameandika kurasa tatu kwa kalamu ya wino bila kufuta mahali.

Kisha kukawa kimya.

Mwezi wa kwanza walipiga simu, wakaambiwa suala linashughulikiwa. Mwezi wa pili Fundi akafunga safari kwenda ofisini mwenyewe. Alirudi jioni, akakaa, akavua viatu polepole sana.

"Wanasemaje?" Bi Mkubwa akauliza.

"Wanasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Tusubiri, Bi Mkubwa." Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za bima. Mkewe akigusia tu, anageuza maneno. Akisisitiza, Fundi, mtu mpole yule, anakuwa mkali: "Achana nao!" Bi Mkubwa akahesabu kwamba mumewe amekata tamaa, na nani angemlaumu? Mwanzoni alijaribu kutembea kwa miguu, sanduku begani. Wateja wa karibu aliwafikia, wa mbali wakatafuta mwingine. Mgongo ukaanza kulalamika. Mwezi wa nne ulipoingia alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti kibarazani, karibu na lile turubai, akiangalia barabara. Mluzi uliisha kabisa. Bi Mkubwa alikuwa anaunguza chakula siku hizi, kwa sababu hakuna wa kumwambia saa ya kuipua.

Siku ya Alhamisi Fundi akasema, bila kumwangalia, kwamba mwenye karakana kubwa ya cherehani atakuja Jumamosi mchana kuchukua sanduku.

"Kuchukua kulitengeneza?"

"Kulinunua. Na vyote vilivyomo. Nimezeeka, Bi Mkubwa."

"Umezeeka lini? Miezi minne iliyopita ulikuwa kijana unaruka mitaro."

Fundi akarudi kuangalia barabara. Na hapo ndipo moyo wa Bi Mkubwa ulipopasuka, maana angemjibu kwa utani, au hata kwa ukali, angejua pa kumshika. Alimjua mumewe. Sanduku lile likitoka mlangoni, hata pikipiki ikirudi mpya haitakuwa na pa kumpeleka. Atakaa kwenye kile kiti mpaka afe. Usiku ule na uliofuata hakupata usingizi wa maana, na asubuhi ya Jumamosi, chai haijapoa, alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Bima. Wanafungua nusu siku. Nitawaonyesha kazi leo."

Fundi alisimama. Alikuja mpaka mlangoni, akamshika kiwiko. "Usiende. Nakuomba."

Haikuwa kawaida yake kuomba. Bi Mkubwa alimtazama, akaona macho ya mtu anayeficha kitu, lakini hasira zilikuwa zimeshapanda na hakuwa na nafasi ya kuzishusha. "Nitarudi kabla ya mnunuzi wako," akasema, akaenda.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyoungwa safu moja, feni inayogeuza shingo, na meza nne zenye vibao. Alichukua namba, akakaa, akasubiri namba yake huku akipanga maneno yake kuanzia makali hadi makali zaidi. Meza ya vyombo vya moto ilimpokea kijana aliyefunga tai, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo nyinyi mnaotupiga danadana miezi minne?"

Kijana akafungua faili, akalipekua, akalifunga. "Mama, sisi hatujakataa. Karatasi ya polisi ipo, kadi ya pikipiki ipo. Tunachosubiri ni maelezo ya shahidi. Hayajaletwa."

"Hayajaletwa?" Feni yenyewe iligeuka. "Kurasa tatu! Nimeandika kwa mkono huu, nimeleta kwa miguu hii, nimempa yule bwana wa mapokezi akapiga muhuri, unaniambia hayajaletwa?"

"Mimi hapa hayapo, mama. Labda..." Kijana alikuna kichwa, akainuka, akaenda kunong'ona kwenye meza ya mwisho, akarudi na uso uliobadilika. "Nenda meza ile pale. Kuna faili lina jina lako."

Kibao cha meza ile kiliandikwa MAJERUHI. Bi Mkubwa alikisoma mara mbili, maana siku hizi alisoma kila kitu, akadhani ni mahali wanapowakalisha watu waliochoshwa na kusubiri. Nyuma ya meza alikuwa binti mwenye miwani. Binti alisimama, akampokea kwa mikono yote miwili.

"Mama, pole. Pole sana. Nimehamishiwa meza hii juzi tu, ndiyo kwanza nimesoma maelezo yako. Sikulala. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Mke mwenzako."

Bi Mkubwa hakuona ajabu. Kwake yeye mke mwenza alikuwa mmoja tu duniani, na kama ofisi imemuulizia hali, basi ofisi ina utu kuliko alivyofikiri. Alilegea kidogo, akakaa. "Yupo tu, mwanangu. Hali yake ile ile. Amelala pale kibarazani."

"Bado mnamlaza kibarazani?"

"Sasa atalala wapi? Ndani hapiti mlangoni."

Binti aliweka kalamu chini. "Na matibabu?"

"Alikuja mtu mmoja kumwangalia. Akasema mpaka abadilishwe mishipa yote, na tumbo lifunguliwe lioshwe mchanga. Macho nayo mapya."

"Macho mapya," binti akarudia kwa sauti ndogo.

"Yanapatikana, lakini ya bei. Kuna mengine ya kuchomoa kwa waliokufa, Fundi hayataki, anasema hayadumu."

Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mama. Na huyu... huyu mume wenu. Naye anasemaje?"

"Ameumia kuliko wote. Si unajua alivyokuwa anampanda kila siku..."

Hapo, jamani, yule kijana wa tai aliyekuwa anasikiliza kwa shingo ndefu kutoka meza yake alishindwa. Alikohoa, akainama chini ya meza kutafuta kitu kisichokuwepo. Bi Mkubwa akamtazama yeye, akamtazama binti, akatazama kile kibao. MAJERUHI. Kisha akaona karatasi zilizokuwa wazi mbele ya binti, mwandiko mkubwa wa duara, wino wa bluu. Mwandiko wake.

"Nipe nisome," akasema.

Alisoma akifuata kwa kidole. *Bi Mdogo ni mke mwenzangu. Alilala kibarazani kama kawaida yake. Asubuhi nilitoka kufagia nikamkuta ameangushwa ubavu. Wamemchana mgongo kwa kisu. Wamempasua macho yote mawili. Mishipa yake wameivuta nje. Wamemjaza mchanga tumboni. Tangu siku hiyo hajatoa sauti.*

Kurasa tatu, na neno pikipiki halimo hata mara moja.

Mwalimu alikuwa ameliimba somo lile wiki nzima: chenye uhai ni a, ni wa, kisicho na uhai kina ngeli yake. Pikipiki imeanguka, mtu ameanguka. Bi Mkubwa alilijua somo, alipata alama zote. Lakini siku alipoandika hakuwa anafikiria ngeli, alikuwa anafikiria Bi Mdogo, na mkono uliandika kama mdomo ulivyozoea. Kumbe kijisilabi kimoja kinatosha kulipeleka faili kwenye meza isiyo yake. Meza ya vyombo vya moto ilikuwa inasubiri maelezo. Meza ya majeruhi ilikuwa inasubiri mgonjwa, cheti cha daktari na ushahidi wa ndoa ya pili.

Uso wake ulipata moto. Alitamani ardhi ipasuke. Dole gumba lilijikunja lenyewe ndani ya kiganja, kama zamani. "Ni mimi," akasema. "Miezi yote hii. Kosa ni langu mimi."

"Mama, kosa siyo..." Binti alikuwa anafunua kurasa haraka, akifika nyuma kabisa ya faili. Akasimama. "Mbona kuna maandishi hapa? Ya mwenzangu niliyempokea meza." Akasoma, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaligeuza faili taratibu ili Bi Mkubwa asome mwenyewe.

Ilikuwa mistari michache, ya mwandiko wa haraka, ya tarehe ile Fundi aliyorudi nyumbani akavua viatu polepole.

*Mume amefika. Anasema majeruhi ni pikipiki. Ameelezwa kwamba shahidi mwenyewe aje, maelezo haya yafutwe, aandike mengine. Mume ameuliza kama yanaweza kubaki bila kufutwa. Ameambiwa haiwezekani. Ameomba nakala ya ukurasa wa tatu. Amepewa. Hajarudi.*

Bi Mkubwa aliyasoma mara moja tu. Kwa nini ukurasa wa tatu? Hakukumbuka aliandika nini huko. Kufikia hapo mkono ulikuwa umechoka na ilikuwa imebaki nafasi, na mwalimu aliwafundisha kwamba nafasi iliyobaki kwenye fomu isiachwe wazi. Akaufunua ukurasa wa tatu. Alisoma bila kutumia kidole. Alipomaliza alitoa kitambaa, akapenga kwa sauti iliyowageuza watu wote kwenye viti vya plastiki.

"Mwanangu," akasema, "nipe fomu nyingine. Na kalamu isiyokata wino. Na saa ngapi sasa?"

Aliandika nusu ukurasa. *Pikipiki ilikutwa imeangushwa. Kiti kimechanwa. Taa mbili zimevunjwa. Nyaya zimevutwa. Tangi limewekwa mchanga.* Kila alipoandika "ilikutwa" alihisi anamsengenya mtu. Binti alichukua zile kurasa tatu za zamani, akagonga muhuri mwekundu: IMEFUTWA, IMEFUTWA. Ukurasa wa tatu aliugonga pembeni kabisa, kwenye kona tupu, usiguse maneno. Kijana wa tai akaja mwenyewe kulichukua faili, akayaunganisha mawili yakawa moja, akampa Bi Mkubwa karatasi: mkaguzi atakuja Jumatatu asubuhi, na akisharidhika, karakana inaichukua wiki hiyo hiyo.

"Inamchukua," Bi Mkubwa akasema, akiwa ameshafika mlangoni.

Alitembea upesi kuliko umri wake. Alipokata kona yao aliona gari dogo la mizigo limesimama mbele ya nyumba. Kibarazani turubai la Bi Mdogo lilikuwa limetandikwa chini, na juu yake vyombo vyote vya Fundi vimepangwa kwa safu: bisibisi, koleo, mikanda, bobini, chupa ya mafuta. Sanduku lilikuwa tupu. Mwenye karakana, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amepiga goti moja akiangalia koleo. Fundi alikaa kwenye kiti chake. Bi Mdogo naye alikuwa wazi kando yake, kiti kimechanika, anawatazama kwa macho yake yaliyopasuka.

"Habari za hapa," Bi Mkubwa akasema, akihema. "Ndugu yangu, nisamehe sana kwa usumbufu wa njia. Sanduku haliuzwi. Lina safari."

"Bi Mkubwa," Fundi akaanza, "tumeshakubaliana mimi na..."

"Ukurasa wa tatu uko wapi?"

Fundi alishika mfuko wa shati. Mwenye karakana, mtu mwenye busara zake, akaiweka koleo chini na kuanza kuangalia mawingu.

"Nakuuliza wewe. Uko wapi?"

Kila kitu alichokuwa nacho Fundi kilikuwa kimetandikwa pale chini kwa ajili ya mnunuzi. Kitu kimoja tu alikuwa amekitoa mapema sandukuni. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, ule wa kuwekea sindano zisipate kutu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekunjuliwa na kukunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe.

"Ulijua miezi miwili," Bi Mkubwa akasema. Sauti ilikuwa imekwisha, yeye mwenye sauti. "Ungeniambia neno moja tu, ningekwenda siku ile ile. Bi Mdogo angekuwa amepona. Mgongo wako usingeumia. Kwa nini, Fundi?"

"Ningekwambiaje? Umezunguka mtaa mzima kusema umeandika kurasa tatu. Nilipotoka pale ofisini nikakukuta hapo mlangoni unamsaidia mtoto wa jirani kusoma barua ya shule, umevaa miwani yangu. Nikwambie kurasa zako zimekwama kwa sababu ya mwandiko wako? Urudi kuficha dole gumba?" Alitikisa kichwa. "Nikasema nitakwambia kesho. Kesho nikasema wiki ijayo. Halafu ikawa vigumu kila siku zaidi."

"Ningeona aibu. Siku moja! Ningelia, ningekutukana, ingekwisha."

"Na wangeufuta." Fundi akainua ile karatasi. "Wana muhuri mwekundu mkubwa, nimeuona. Nikaona bora nikose pikipiki."

Akaikunjua. Na kwa kuwa alikuwa anaujua kwa moyo, hakuhitaji miwani.

"*Tangu Bi Mdogo aumizwe mume wangu hapigi mluzi,*" akasoma. "*Mimi nasemaga Bi Mdogo ananisumbua, ni uongo. Yeye ndiye aliyekuwa ananiletea mume wangu nyumbani kila jioni. Naomba mumtibu upesi. Mume wangu nampenda sana, ila sijawahi kumwambia kwa sababu anapenda kujisifu.*"

Mwenye karakana aliacha kuangalia mawingu. Alikuwa anajikaza, uso umevimba kwa kicheko, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo pia.

"Miaka thelathini na mbili," Fundi akamwambia yule bwana, akimgongea karatasi kifuani, mgongo umenyooka ghafla kama wa mtu aliyepewa cheo. "Umesikia lakini? Kwa wino! Nampenda *sana*, ameandika. Siyo nampenda tu. Mkeo amewahi kukuandikia? Sema ukweli."

"Bado," akakiri mwenye karakana.

"Bado! Mimi ninao, na una muhuri wa ofisi..."

"Mnaona?" Bi Mkubwa akapaza sauti, imerudi yote, mpaka dirisha la jirani likafunguka. "Mnaona sasa? Ndiyo maana sikusema!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajui kipi kimeanza. Aliinama akaanza kurudisha vyombo sandukuni, bisibisi moja moja, kila moja mahali pake, maana baada ya miaka yote ile alipajua. Fundi akashuka kwenye kiti, akapiga magoti upande wa pili wa turubai kumsaidia. Mnunuzi akaaga kwa adabu, akasema cherehani tatu za karakana yake ni mbovu na atamsubiri Fundi mwenyewe akishapata usafiri. Gari lake likaondoka.

Sanduku likajaa. Bi Mkubwa akalikung'uta turubai, akamfunika Bi Mdogo, akamchomekea pembeni kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Akainama karibu na ile taa iliyovunjika.

"Nimekuita 'i' huko ofisini," akamnong'oneza. "Usiliweke moyoni. Ni mambo ya karatasi."

"Na mimi?" Fundi akauliza nyuma yake. Bado alikuwa amepiga magoti, mfuko wa sindano mkononi. "Nakala hii imeanza kufifia. Huku chini herufi karibu hazionekani."

Bi Mkubwa alisonya. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari lake la darasani na kalamu ya wino, akakaa kwenye kile kiti cha kibarazani, akatoa ulimi pembeni mwa mdomo. Safari hii Fundi aliponyemelea kuchungulia, hakumfukuza.